Baba Hakushuka

Munich, 3 Machi 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, miguu haiumi na cherehani bado inakutii. Mimi sijambo. Baridi imeanza kulegea, jana nimeona mtu amekaa nje bila koti. Mkweo Marcel anakusalimu. Amejifunza kusema shikamoo, ila sasa anamwamkia kila mtu, hata watoto wa jirani.

Viza yako imetoka na tiketi imekatwa. Utaondoka Mwanza Jumatatu tarehe 10 Juni, ufike huku Jumanne asubuhi. Mimi sitaweza kuja mpaka uwanjani. Ipo sababu, si mbaya, nitakueleza ukifika kwa sababu si ya kuandika. Marcel yuko tayari kuja kukuchukua kwa gari. Najua utakataa, kwa hiyo nakuandikia njia, uisome mpaka uishike kichwani. Simu yako ya kitochi haitashika mtandao huku.

Ukishuka kwenye ndege fuata watu. Askari wa mpakani atakuuliza unakwenda kwa nani. Mwonyeshe barua ya mwaliko. Ukishachukua begi, tafuta alama ya herufi S nyeupe ndani ya duara la kijani. Hiyo ndiyo treni ya mjini. Ifuate mpaka ngazi zikushushe chini. Tiketi ya treni nimekuwekea kwenye bahasha hii hii, lakini lazima uigonge muhuri kwenye kisanduku kilicho juu kabla ya kushuka ngazi, la sivyo wakaguzi watakuona mwizi. Panda treni namba 8. Kaa upande wa dirisha. Kwanza utaona mashamba, usiogope ukadhani umepotea. Baadaye nyumba zitasongamana, kisha treni itaingia chini ya ardhi. Hapo anza kusikiliza. Kituo chetu kinaitwa Marienplatz, kituo cha Bikira Maria. Shuka hapo, usisogee hata hatua. Sisi tutakuwa tumesimama ukingoni, mimi, Marcel na mama yake. Mama mkwe amesema lazima awepo.

Ni mwendo wa dakika arobaini tu, Baba. Ushirombo hadi Kahama ni mbali zaidi.

Binti yako,
Vumilia


Ushirombo, 28 Machi 2024

Mwanangu Vumilia,

Marahaba. Barua imefika na tiketi ya treni imo, haikukunjwa. Sisi huku ni wazima. Mvua za mwisho zimetuonea huruma na mahindi yanabeba. Donatus katekista anakusalimu sana. Anasema usisahau kusali kwa Kiswahili, Kijerumani kitakuchosha ulimi.

Umenijua vizuri. Mkwe hakutani na mkwe njiani kama watu wanaopishana mnadani. Sijawahi kumwona huyo kijana. Nikutane naye peke yetu, ndani ya gari, nani atatutambulisha? Tutazungumza nini? Mwambie nashukuru, lakini nitakuja kwa miguu yangu mpaka mbele yako, na wewe ndiye utakayesema, "Huyu ni baba yangu." Mama yako angekuwa hai angesema hivyo hivyo.

Njia nimeishika. Jioni Donatus ananisaili kama mtoto wa kipaimara. "Ukitoka?" Alama ya S. "Kabla ya ngazi?" Kugonga tiketi.

Nashona suti. Nimepata kitambaa cha kijivu kizuri Kahama, chepesi, hakikunjiki hovyo. Miaka yote hii nimewavalisha maharusi wa watu, na mimi nitavaa moja kwa ajili ya wakwe zangu. Marcel nimemshonea shati, kwa kukisia mabega kwenye picha. Mama yake nimemshonea kitambaa cha meza.

Shangazi yako Rhoda kule Kishapu kila akipiga simu anauliza kama umeshaolewa kwa ng'ombe au kwa karatasi ya bomani tu. Nimemjibu mambo hayo yatazungumzwa nikifika. Usiyabebe wewe.

Baba yako,
Bartholomeo Ngusa


Ushirombo, 20 Juni 2024

Mwanangu,

Pole kwa kusimama pale kituoni na kungoja. Nilipokupigia kutoka Dar es Salaam simu ilikuwa inakatika, na sauti yako sikuielewa vizuri, ndiyo maana naandika.

Ni kama nilivyokuambia. Pale mpakani yule askari alitazama karatasi zangu, akaita mwenzake. Wakazungumza. Wakaniketisha kwenye kiti. Mwishowe wakasema siwezi kuingia, nirudi na ndege ya kesho yake. Sikuelewa sababu. Sikugombana nao, mimi ni mzee na lugha yao siijui. Nilikaa pale pale uwanjani mpaka muda wa ndege.

Usihangaike kuandika barua kwa wakubwa wa huko. Yameshapita. Mwombe radhi mama mkwe wako kwa usumbufu. Mwambie mumeo hakuna neno baya kati yetu.

Huku watu wamenipokea vizuri. Mimi ni mzima.

Jitunze. Usinyanyue vitu vizito, na ukiwa umesimama muda mrefu kazini tafuta mahali ukae.

Baba yako


Munich, 16 Julai 2024

Baba,

Shikamoo. Sisi wazima.

Pole kwa yaliyokupata. Marcel alitaka kuwaandikia polisi wa mpakani na nimemzuia, kama ulivyoomba.

Begi lako kubwa lililetwa hapa nyumbani siku tatu baada ya safari yako. Lilikuwa limebaki uwanja wa katikati, ulikobadili ndege. Michembe, vile viazi vikavu ulivyotuletea, haikuharibika. Shati la Marcel limemtosha. Kitambaa cha meza amekipokea mama yake, anashukuru.

Sina la zaidi.

Vumilia


Ushirombo, 1 Septemba 2024

Mwanangu Vumilia,

Natanguliza salamu, nawe utanijibu ukipata nafasi. Mimi naendelea, ila usingizi umekuwa haba.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Ni fupi, na mimi ndiye niliyekufundisha kwamba barua fupi ni ya mtu mwenye hasira au mwenye haraka. Nimekupigia simu mara kadhaa. Marcel akapokea, akasema shikamoo, tukakwama hapo. Kama nimekukosea, niambie.

Huku jambo langu limekuwa kubwa kuliko nilivyotaka. Jumapili iliyofuata baada ya kurudi, Donatus alisimama mbele ya altare, akasema tumwombee ndugu yetu Bartholomeo aliyefukuzwa mlangoni kama mbwa ilhali anakwenda kumwona mtoto wake. Kanisa zima liligeuka kunitazama. Wamama walitikisa vichwa. Nilipotoka nje alinishika mkono, akasema, "Wamekudhalilisha, Batho." Nikamwambia tuyaache. Akasema, "Hapana, hayaachwi. Mtu mwenye suti kama ile?" Tangu hapo kila wiki nimo kwenye sala. Vijana wanakuja kibandani kwangu ninaposhonea kusikia nilivyofanyiwa, na nikinyamaza ndiyo wanazidi kuwatukana wazungu. Juzi mmoja aliwakejeli hata masista wa misheni.

Siwezi kukuandikia jinsi ninavyojisikia nikikaa kwenye benchi lile la kanisani.

Suti nimeigawa. Nilimpa Masudi wa duka la jirani, amemwozesha mwanawe nayo.

Niandikie, hata mistari miwili.

Baba yako


Munich, 29 Septemba 2024

Baba,

Shikamoo. Nimejaribu kuandika barua hii nikiwa na hasira, nikashindwa. Leo naandika nikiwa nimechoka tu.

Baba, nilikuona.

Treni ya pili tangu tufike ndiyo iliyokuwa na wewe. Marcel na mama yake walikuwa mbali kidogo, upande wa mbele, kwa sababu hatukujua utakaa behewa gani. Mimi nilibaki katikati. Treni ikasimama na dirisha lako likasimama mbele yangu kabisa. Umevaa suti ya kijivu. Umepakata mkoba mweusi. Ukanitazama usoni, ukatazama tumbo langu, ukawatazama wale wawili na maua yao. Kisha ukainamisha kichwa. Mlango ulikuwa wazi. Watu wakashuka, wakapanda. Nilipiga kioo kwa kiganja. Hukuinua uso. Mlango ukafungwa, treni ikaondoka na wewe.

Marcel alikuja akaniuliza, "Hakuwemo?" Nikasema hakuwemo. Mama yake alikuwa ameandika KARIBU BABA kwenye karatasi, kwa rangi. Aliikunja akaitia kwenye pochi, na tukaendelea kungoja treni nyingine, saa nzima, nami najua kwamba hutakuwemo.

Ulipopiga simu ukasema umerudishwa mpakani, nikasema pole. Ningesema nini? Mume wangu anadhani nchi yake ndiyo iliyokufukuza. Anaona aibu mbele yangu kwa jambo ambalo halikutokea, na mimi namwacha aone aibu, kwa sababu nikisema kweli ataniuliza kwa nini baba yangu hakushuka.

Najua kwa nini. Tulifunga ndoa bomani Januari, na wewe uliona tumbo la miezi minane. Ulihesabu. Ng'ombe hawajatoka, na binti yako amesimama hadharani amejaa hivyo, katikati ya wazungu. Nilikuficha mimba hiyo kwenye barua kwa sababu nilitaka uione ana kwa ana, nikidhani ukiniona utanisamehe papo hapo. Sikujua kwamba ungeweza kuniona na kupita.

Mtoto alizaliwa tarehe 9 Julai. Ni mvulana. Sikukuandikia kwa sababu sikujua kama unataka kujua.

Vumilia


Ushirombo, 8 Desemba 2024

Mwanangu, ng'wana wane,

Barua yako ilifika Oktoba. Nimekaa nayo. Niliianza hii mara nyingi nikaichana. Naandika nikiwa kibandani, mchana, nimefunga mlango na wateja wanadhani nimekwenda shamba.

Ningekuwa na njia nyingine ya kukuondoa kwenye fikra hiyo, ningeitumia. Sina. Kwa hiyo soma, kisha uichome barua.

Nimekuwa mgonjwa huu mwaka wa tatu. Haja ndogo hainitii. Inakuja ghafla, na ikija hainipi nafasi. Kibandani choo kipo nyuma, nimezoea. Sikumwambia mtu. Mambo ya sehemu hizo mzee humwambia nani? Mama yako hayupo, na wewe ni binti.

Askari wa mpakani hakunitendea ubaya wowote. Aligonga muhuri, akatabasamu. Begi ndilo halikufika. Nilisimama kwenye foleni ndefu ya watu waliopotelewa, nikampa dada wa mizigo anwani yako. Wakati huo nilikuwa tayari nimeanza kubanwa. Niliuona mlango wa choo, una picha ya mwanamume. Nikasema nisije nikawachelewesha, dakika arobaini si kitu, nitavumilia. Niligonga tiketi. Nilipanda namba 8. Kila kitu nilifanya kama ulivyoandika.

Tukiwa bado mashambani treni ikasimama. Hakukuwa na kituo, ni majani tu pande zote mbili. Sauti ikasema kitu, watu wakaguna, wakatazama saa zao. Nilisimama, nikatembea mpaka mwisho wa behewa nikitafuta mlango. Nikamwuliza dada mmoja, "Toileti?" Akatikisa kichwa, akanionyesha kwa mikono kwamba humo hakuna. Nikarudi kukaa. Nilikunja miguu. Nilisali, Vumilia. Treni ilipotikisika kuondoka, ndipo.

Kitambaa cha kijivu kinaonyesha maji kuliko kitambaa chochote. Mimi fundi, nalijua hilo, na ndicho nilichochagua. Mbele yangu alikaa mama na mtoto mdogo. Mtoto alitazama chini, akatazama uso wangu. Mama yake akamgeuza taratibu kuelekea dirishani, akaanza kumwonyesha nyumba. Hakukunja uso, wala hakusema neno. Angenitukana ingekuwa nafuu.

Niliweka mkoba mapajani. Sikuwa na nguo nyingine, zote zimo kwenye begi. Tukaingia chini ya ardhi. Nikasikia jina la kituo. Na wewe ukawa pale.

Nisikilize sasa. Niliona tumbo lako. Sikuhesabu mwezi hata mmoja. Moyo wangu ulisema, nina mjukuu. Nilitaka kusimama. Kisha nikamwona yule kijana na maua, na mama yake amevaa kofia nzuri ya sherehe, ananyanyua karatasi yenye neno la kwetu. Kwetu mkwe hali na mwenzake mezani mpaka watu wawatambulishe. Mimi ningeshuka mbele yao nikiwa nimelowa mpaka magotini, nanuka, na wewe ungesema, "Huyu ni baba yangu." Nilikuonea aibu, ndiyo, ila ni aibu ya mimi kuwa wako siku ile. Nikainamisha kichwa. Nilisikia kiganja chako kwenye kioo. Nilijidanganya kwamba labda unapiga kioo ovyo, hukunitambua.

Treni ilikwenda mpaka mwisho wa reli. Kuna ziwa. Nilikaa kwenye benchi jua likanikausha. Watu walipita na mbwa wao, wengine wakanisalimu. Suruali ilipokauka nikasema nirudi nikakutafute, lakini harufu haikutoka, na kila nilipofikiria nitakachosema sikupata neno. Ndipo uongo ukanijia, ukiwa umekamilika kabisa, kama mtu mwingine ameniandikia. Nikapanda treni ya kurudi uwanjani, nikaombe ndege ya kurudi kabla ya siku yangu. Ilipita tena kituo chako. Pale ukingoni hapakuwa na mtu.

Nimemsingizia yule askari wa watu mbele ya kanisa zima. Nimekuacha ujifungue ukidhani nakukataa. Haya yote kwa sababu ya suruali. Siombi unielewe.

Baba yako


Munich, 5 Januari 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Barua sikuichoma. Nimeifungia ndani ya kabati la nguo zangu, na hakuna atakayeisoma.

Unajua ninafanya kazi gani? Nilikuambia nauguza wazee. Sikukuambia ninachofanya hasa. Kila asubuhi naingia chumba hadi chumba, nawabadilisha. Yuko mmoja alikuwa hakimu. Mwingine alirusha ndege. Wengine hulia nikifunua shuka. Nawaambia, si kitu, inua mguu, na huu mwingine, tayari. Nasema huku nikiwaimbia kidogo ili wasisikie aibu. Nimewafanyia hivyo baba za watu kwa miaka sita, na baba yangu akakaa peke yake kando ya ziwa akijikausha kwa jua.

Na ni mimi, muuguzi, niliyekuandikia mpaka rangi ya duara la alama, nisikumbuke kukuambia kwamba treni hiyo haina choo. Mzee wa miaka yako, ametoka safari ya usiku kucha. Mgonjwa wangu yeyote ningemwambia. Wewe nilikuona kama ulivyokuwa nilipokuwa mdogo, nikadhani mwili wako hauzeeki.

Marcel nimemweleza kwamba hukufukuzwa, uliugua ghafla njiani, ukashindwa kushuka. Nimeishia hapo. Aliniuliza, "Aliugua nini?" Nikasema, "Ugonjwa wa wazee." Baadaye akasema babu yake naye alikuwa hatoki nyumbani kwa miaka ya mwisho, na hakuna aliyemwuliza kwa nini.

Kinachokusumbua kina jina, Baba. Ni tezi dume, na kinatibika. Usiende kwa waganga, usinywe mizizi. Nenda hospitali kubwa Mwanza, mwambie daktari kama ulivyoniambia mimi, usimpunguzie neno.

Mtoto kwenye karatasi anaitwa Jonas, huku sheria haisubiri. Jina la kwetu hajapewa. Ana paji lako la uso. Amelala hapa karibu ninapoandika.

Binti yako,
Vumilia


Ushirombo, 23 Machi 2025

Mwanangu,

Marahaba, na salamu kwa nyumba nzima. Naandika nikiwa nimekaa juu ya mto, daktari ameagiza hivyo kwa wiki chache zaidi. Nimepasuliwa Mwanza mwezi uliopita. Daktari alikuwa binti, mdogo kuliko wewe. Nilipoingia nilitaka kusema nimekuja kupima macho. Nikakumbuka barua yako, nikasema yote nikiwa natazama ukuta. Aliandika tu, wala hakuinua kichwa, akauliza, "Tangu lini, baba?" Basi. Miaka mitatu nilikuwa naliogopa swali hilo.

Sasa naendelea vizuri. Usiku naamka mara moja, au siamki.

Kabla ya kwenda nilimfuata Donatus nyumbani kwake. Nilimwambia aache kuniombea kwa sababu hakuna mtu aliyenifukuza. Nikamweleza kwa nini sikushuka kwenye treni. Aliinuka kitini, nikajua urafiki umekwisha, maana nimemfanya aseme uongo altareni. Kisha akafunga mlango wa uani, akaniambia kwa sauti ya chini, "Hata mimi, Batho. Tangu mwaka juzi. Unafikiri kwa nini siku hizi nasoma masomo mafupi?"

Tulikwenda Mwanza pamoja. Yeye amepewa vidonge, bado hajapasuliwa. Jumapili kabla ya safari hiyo alisimama, akawaambia watu kwamba habari za Bartholomeo kufukuzwa hazikuwa za kweli, zilikosewa, na anayewatukana wageni wa misheni kwa ajili hiyo aache. Hakueleza zaidi. Watu walinitazama tena. Niliinama, lakini nilibaki kwenye benchi mpaka mwisho wa misa. Wapo wanaosema sasa kwamba mimi ni mwongo, na wana haki. Wateja wawili wamehamia kwa fundi mwingine. Nayabeba.

Shangazi yako Rhoda nimemwambia mtoto ana baba, na baba yake ana mama anayejua kuandika karibu. Kuhusu ng'ombe asiniulize tena.

Jina nimelifikiria nikiwa kitandani hospitali. Mtoto anayezaliwa nyumba ikiwa inangoja wageni, kwetu huitwa Mageni. Nyinyi mlikuwa mnangoja mgeni. Mwite hivyo, na mimi babu yake aniite guku.

Daktari amesema baada ya Agosti naweza kusafiri. Nikipata viza tena, nakuomba kitu ambacho sikukiomba mara ya kwanza. Njia niliyoishika kichwani siitaki. Uje mwenyewe mpaka pale mlango wa kutokea abiria, Mama Mageni, na mtoto umembeba. Kitu cha kwanza unionyeshe choo kilipo. Mkwe wangu na mama yake watanisamehe, wangoje nyumbani mpaka nioge.

Guku wa Mageni